Mtu wa Pembeni mwa Picha

Atokaye Ifakara kwenda Mahenge huvuka leo mto Kilombero juu ya daraja, hana haja tena ya kuingoja pantoni. Walakini njia ile ni ya zamani, na miongoni mwa walioipita ni askari weusi wa Mdachi, ambao mwaka 1905 walililinda boma la Mahenge dhidi ya wapiganaji wa Maji Maji, na vita vilipoendelea wakashiriki kuviteketeza vyakula hata njaa ikaingia nchini. Kwa hiyo mtu wa bonde hili la mpunga, asikiapo habari za askari wa namna hiyo, huruma si jambo la kwanza limjialo moyoni. Nimelitanguliza hili kwa kuwa filamu moja na riwaya moja zimenidai huruma hiyo, nami nimeitoa bila kutaka. Nikarudi kuzitazama nione zimenipataje.

Filamu yenyewe yamhusu Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, akaingia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani, akadai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, akajibiwa kwamba muda umepita. Alihudumu katika mkahawa Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza katika filamu zaidi ya 20 kwa jina la Mohamed Husen. Mwaka 1941, ule ule ilipotoka filamu yake ya mwisho, "Carl Peters", alikamatwa kwa ajili ya mapenzi na mwanamke mweupe, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo Novemba 1944.

Bi Eva Knopf, katika "Majubs Reise" ya mwaka 2013, alizichukua filamu zile zile zilizomdhalilisha Mahjub akazifanya shahidi wake. Bwana mkubwa yu katikati, taa zote zimemwelekea, naye anasema maneno mengi. Nyuma yake mtumishi mweusi amesimama akingoja amri. Jicho letu, lililozoezwa kumfuata asemaye, huvutwa taratibu likaachana na bwana, likatua juu ya yule angojaye, na tangu hapo maneno ya bwana huwa kelele tu. Hakuna machozi wala kinanda cha huzuni kilichohitajiwa: upweke umo katika mahali aliposimamishwa. Hata hivyo nina shaka kidogo. Uso wa mtu aigizaye kwa amri husomwa vyovyote apendavyo msomaji, na labda mara nyingine Mahjub alikuwa amechoshwa na joto la taa, basi.

Abdulrazak Gurnah, katika "Afterlives" ya mwaka 2020, aliiepuka hatari hiyo kwa kutotuonyesha uso. Ilyas, kijana aliyesomeshwa na Wajerumani akawapenda, anamwacha dada yake Afiya na kwenda kupigana upande wao; na hapo kitabu kinamnyamazia. Watu wanaoa, wanafanya biashara, mtoto anazaliwa akapewa jina lake, na barua haiji. Upweke tunaouona ni wa Afiya. Ule wa Ilyas umefichwa hadi kurasa za mwisho, ambapo mpwawe, akipekua nyaraka Ujerumani, anaambulia kwamba mjomba wake naye aliishia Sachsenhausen. Nilipozisoma mara ya kwanza kurasa zile nilidhani mwandishi amechoka, kwa jinsi zilivyo fupi na kavu. Mara ya pili nilitambua kuwa ukavu ule ni wa majalada yenyewe, kwani dola iliyomhesabu mtu kwa rangi yake haikumwandikia zaidi ya hayo, na Gurnah hakutaka kuikopesha ufasaha wake.

Kwa ustadi naipa riwaya daraja la juu. Lakini usiku, nikifumba macho, nimwonaye ni Mahjub wa filamu, nyuma ya bega la bwana. Na kumbe yeye alau alipewa pembe ya picha. Mpogoro wa Mahenge aliyeteketezewa ghala hakupigiwa picha.