Hesabu Ikikaguliwa na Macho Mengine

Tuseme mwaka huu shati ni pauni 10 na kofia ni pauni 20. Mwakani bei zinabadilishana, shati 20, kofia 10. Mwaka wa tatu zinarudi zilikoanzia. Mnunuzi yeyote atakwambia hakuna kilichopanda. Sasa shika kanuni ya Mwitalia Carli, ya mwaka 1764: kwa kila bidhaa gawa bei mpya kwa bei ya zamani, kisha tafuta wastani. Shati linakupa 2, kofia nusu, wastani wake 1.25. Bei zimepanda asilimia 25! Mwaka wa tatu hesabu inajirudia vilevile, na kwenye karatasi bei zimekwisha kupanda asilimia 56, ilhali dukani ni zilezile za mwanzo. Kanuni ya Mwingereza Jevons, ya mwaka 1863, inazidisha 2 kwa nusu, inatafuta kipeuo cha pili, jibu linakuja 1. Hakuna kilichopanda.

Utadhani ni ubishi wa walimu wa hisabati. Nchini Uingereza ulikuwa ubishi wa fedha nyingi, kwa sababu fahirisi ya bei za rejareja, inayojulikana kwa kifupi kama RPI, ilitumia kanuni ya Carli kwa sehemu ya bidhaa zake, na nauli za treni, riba ya mikopo ya wanafunzi na malipo ya baadhi ya hati fungani za serikali yalikuwa yakipangwa kwa kuitazama. Mwaka 2010 utaratibu wa kukusanya bei za nguo ulibadilishwa, na pengo kati ya RPI na fahirisi nyingine likapanuka. Hapakuwa na mtu aliyedanganya. Udhaifu ulikuwa umekaa ndani ya kanuni miaka nenda miaka rudi, hadi ikaja data ya kuuchokoza. Machi 2013, Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ikaivua RPI hadhi ya Takwimu ya Taifa, muhuri wa takwimu iliyokidhi viwango vyake.

Hapo ndipo naanza kuwavulia kofia wakaguzi wa Mamlaka hii. Hawakuuliza kama namba inaipendeza serikali au inaiudhi. Waliuliza imepatikanaje. Mamlaka yao ilianza kazi Aprili 2008 chini ya sheria ya mwaka uliotangulia, nayo huwajibika kwa Bunge, si kwa waziri. Mwaka 2016, baada ya ripoti ya mchumi Charles Bean, kazi ya ukaguzi ilipewa ofisi yake, mbali na wale wanaotengeneza takwimu. Lakini wote bado wako chini ya bodi moja, na mimi sijawahi kuridhika na mkaguzi anayekula meza moja na mkaguliwa.

Kanuni zao za utendaji zimesimama juu ya mambo matatu, uaminifu, ubora na manufaa, na zinashuka hadi vitu vidogo: takwimu itoke saa ngapi, nani aione kabla ya wengine. Julai 2017 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza, inayotengeneza takwimu, iliacha desturi ya kuwaonyesha mawaziri takwimu zake kabla ya kutangazwa.

Ustadi wenyewe ni kuifuata namba hadi inakozaliwa. Chukua uhalifu wa England na Wales. Jedwali laweza kuwa safi, jumla zote zikakubaliana, lakini namba ya kwanza haizaliwi kwenye jedwali. Inazaliwa pale askari anapomsikiliza mtu aliyeibiwa na kuamua afungue jalada au asifungue. Ushahidi uliotolewa bungeni mwaka 2013 ulionyesha kwamba hapo ndipo mambo yalipokuwa yakiharibika, na Januari 2014 takwimu za uhalifu zilizoandikwa na polisi zikavuliwa hadhi ileile. Novemba mwaka huohuo wakaguzi wa polisi walikadiria kuwa kati ya makosa 100 yaliyoripotiwa, 19 hayakuandikwa.

Na silaha yao ni nini? Barua. Hawawezi kumtoza waziri faini kwa kuipotosha namba. Wanamwandikia, na barua inawekwa hadharani. Septemba 2017 David Norgrove, mwenyekiti wa Mamlaka, alimwandikia Boris Johnson, wakati huo waziri wa mambo ya nje, kuhusu zile pauni milioni 350 kwa wiki zilizodaiwa kwenda Umoja wa Ulaya, kwamba alikuwa amechanganya kiasi ghafi na kiasi halisi. Johnson hakufukuzwa kazi. Hata hivyo, msomaji wa Tanzania anayekumbuka marekebisho ya sheria ya takwimu ya mwaka 2018, yaliyomtisha raia mwenye kupinga namba za serikali kabla ya kulegezwa mwaka 2019, ataona hapa karipio likielekea upande wa pili.

Oktoba 2023 ilifika zamu ya utafiti wa nguvu kazi. Kaya zilizokubali kujibu zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 17, na makadirio yake yakasitishwa. Yaliporudi Februari 2024, yalirudi bila hadhi yake ya zamani, ingawa Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa ikiyasubiri kwa hamu.

RPI nayo haijafa. Sheria ileile ya 2007 inaamuru itolewe kila mwezi, na mabadiliko ya namna ya kuikokotoa yamepangiwa Februari 2030. Kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaendelea kuichapisha, na papo hapo inawashauri wasomaji wasiitumie.