Mzizi Umekwenda Wapi?

Harusini Lubumbashi hivi karibuni ulipitishwa mtungi wa kokteli: munkoyo, ramu nyeusi, sukari na vipande vya barafu. Wageni wakausifu, wakaitisha mwingine. Ukiwauliza wameupendea nini, wote wanajibu kwamba ni mtamu. Sukari ikitiwa hata kwenye maji ya bomba, yatakuwa matamu.

Anayetaka kuchanganya munkoyo na ramu nyumbani aanze kwa kuujua munkoyo wenyewe. Ramu hutoka kwenye miwa au molasi, yaani sukari ipo tangu mwanzo na hamira inaila tu. Munkoyo hutoka kwenye uji wa mahindi; mahindi yana wanga, na wanga lazima uvunjwe kwanza. Brasimba, inayopika bia Lubumbashi tangu 1925, huuvunja kwa kimea. Mama wa Kenya, komini ya mji huohuo, hana haja ya kuotesha nafaka: ana mzizi wa munkoyo, wenye vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyohiyo ndani ya sufuria.

Hapo ndipo wasiojua hupitwa. Wao huonja utamu. Mjuzi hutazama uji unavyolegea. Uji mzito, ambao mwiko ulikuwa ukisimama ndani yake, unatiwa mzizi uliopondwa ungali moto, na baada ya muda unachuruzika bila kuongezwa tone la maji. Ukitiwa ungali unachemka, vimeng'enya vinakufa. Ukisubiri hadi upoe kabisa, vinasinzia. Nyuzi 60 hivi zinafaa. Bibi mmoja wa Kenya hakuwahi kushika kipimajoto: alichovya kidole, na kama aliweza kukiacha kwa pumzi moja tu, si mbili, alitia mzizi. Wajukuu waliokuwa wakipiga kelele walifukuzwa jikoni saa hiyo, kana kwamba uji una masikio.

Mlaghai hulegeza uji kwa maji, hutia sukari na hamira, kisha huacha nyuzi chache za mzizi zikining'inia mdomoni mwa bidoni ili mnunuzi azione. Kumnasa ni rahisi. Chukua kikombe, kiweke kwenye friji usiku kucha. Wanga usiovunjwa vizuri huganda ukipoa. Asubuhi utakuta utando juu na uzito chini, uji wa jana tu. Munkoyo halisi hubaki mwepesi, na harufu ya udongo ya mzizi haipotei.

  

Kweli, mizizi si rahisi kama zamani. Misitu ya miombo kuzunguka mji imekatwa kwa ajili ya makaa, na mchimbaji sharti aende mbali zaidi. Lakini ughali wa mzizi haumpi mtu ruhusa ya kuuza sukari kwa jina lake.

Kuhusu ramu: iwe nyeupe, kipimo kimoja kwa vitano vya munkoyo wa siku moja. Wa siku tatu umeshachacha na utagombana nayo. Barafu isiingie kikombeni. Lipozwe bidoni zima. Ndimu, matone mawili, kwa anayeshindwa kujizuia. Ramu nyeusi apewe mpishi wa keki.