Kabla ya Kuilaumu Linux, Angalia Betri ya Saa

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mezani ambazo bado ni nzima zimebaki bila msaada, maana Windows 11 inadai TPM 2.0, na mashine za enzi ya Core 2 Duo hazina. Linux inazifaa sana. Tatizo ni kwamba usakinishaji ukikwama, wengi hubadilisha toleo: Ubuntu ikigoma wanaleta Mint, Mint ikigoma wanatafuta nyingine. Mara nyingi kosa haliko kwenye toleo hata kidogo.

Chukua dalili hii. Kisakinishi kinafika kwenye kupakua vifurushi, kinakataa. Intaneti ipo, simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inafungua kurasa bila shida. Ukisoma ujumbe wa apt kwa makini, unasema faili la Release bado halijaanza kuwa halali. Hapo siri imeshafichuka: kompyuta inaamini iko miaka mingi nyuma. Kwenye ubao mama kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoendesha saa umeme unapokatwa. Ikifa, tarehe inarudi ile ya kiwandani, na kila saini au cheti cha usalama kilichotolewa baadaye kinaonekana cha kesho. Visakinishi vingi hujaribu kuomba saa sahihi kwa seva za NTP, lakini mtandao wa shule au ofisi ukizuia mlango wa 123, jaribio hilo linashindikana kimyakimya.

Betri hiyohiyo ndiyo inayotunza mipangilio ya BIOS kwenye mashine nyingi za zamani. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku, asubuhi mpangilio wa kuwaka unarudi ulivyokuwa, mashine yenye diski mbili inaanzia diski isiyo na kitu, na mwenyewe anaapa kwamba Linux imejifuta. Haijafutika. Ukiona ujumbe wa CMOS checksum unaotaka ubonyeze F1, usiendelee na chochote kabla ya kubadilisha betri.

Skrini nyeusi baada ya menyu ya GRUB ni jambo jingine, la kadi ya picha. Bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Ukishaingia, weka programu dhibiti ya kadi hiyo (Debian inaijumuisha kwenye kisakinishi chake rasmi tangu toleo la 12, Juni 2023), halafu uliondoe neno lile, kwa sababu linaizuia kadi kufanya kazi kwa nguvu zake zote.

Fundi mwenzangu, chomoa waya ukutani, subiri saa nzima, kisha ingia BIOS usome tarehe. Ikiwa imerudi nyuma, nunua betri kwanza. Flashi ya Linux iwe ya pili.