Kanisa la mawe la Bagamoyo na jina la mgeni

Karibu kila mtu anayesimulia kanisa la zamani la Bagamoyo, kule pwani ya Tanzania, anaanza na Livingstone. Mnara uliobaki wa kanisa la kwanza unaitwa kwa jina lake. Ukiuliza wanafunzi wa sekondari, nao wanajibu vilevile. Sisi tunaona jina hilo linapotosha.

Livingstone hakujenga pale, wala hakusali pale. Hata Mkatoliki hakuwa. Aliingia akiwa maiti, tarehe 24 Februari 1874, akalala usiku mmoja, kisha akapelekwa Zanzibar. Waliomleta ni akina Susi, Chuma na Jacob Wainwright, pamoja na wapagazi ambao majina yao hayatajwi sana. Walitembea karibu miezi tisa toka kwa mtemi Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako walizika moyo wake. Mazishi yalifanyika London tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Na mnara umepewa jina la aliyebebwa!

Kanisa lenyewe lina historia yake. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Padri Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Kabla ya hapo walikuwa Zanzibar, wakinunua watoto kwenye soko la watumwa ili kuwakomboa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873 tu. Kanisa la kwanza ni la 1872. Lile kubwa linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914, kwa matumbawe, jiwe la bahari, sawa vile sisi hapa Kivu tunajengea jiwe jeusi la volkano.

Juu ya waliokombolewa, vitabu vya misioni vinasema walipata uhuru, na kijiji chao kiliitwa Kijiji cha Uhuru. Hatukatai: heri huko kuliko kwenye jahazi. Lakini uhuru ule ulikuwa na kengele yake. Watu walioana, walipewa nyumba na shamba, halafu siku nyingi za juma walifanyia misioni kazi. Mwenye kusifu kuta na asitaje mikono hiyo, kazi yake imebaki nusu.

Kuna pia lile neno «kanisa la kwanza», ambalo linasemwa haraka sana. Malindi, pwani ya Kenya, kuna kikanisa cha Wareno cha mawe ambacho Fransisko Ksaveri alikipita mwaka 1542, zaidi ya miaka mia tatu mbele ya Horner. Bagamoyo ni mwanzo wa misioni ya Kikatoliki ya karne ya 19 upande wa bara, basi. Na maana ya jina la mji, «bwaga moyo», kila mmoja anaisimulia kwa upande wake: wengine wanasema ni mpagazi anayepumzika, wengine ni mtumwa anayekata tamaa. Hakuna aliyelithibitisha, lakini waongozaji wa watalii hawana shaka!

Msomaji wa Masisi au Walikale atauliza: hayo ya pwani yanatuhusu nini? Njia ya misafara iliyoishia Bagamoyo ilianzia kwetu, Maniema, ikapita Ujiji na Tabora. Livingstone mwenyewe alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, siku wafanyabiashara wa watumwa walipopiga risasi sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao akina mama. Alichokiona siku hiyo kina uzito kuliko usiku wake mmoja mnarani, lakini wanaosimulia mnara hawakitaji. Na Kiswahili tunachoandikia karatasi hii kilipanda huku kwa njia hiyohiyo.

Mawe nayo hayadumu milele. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale Goma, kwa saa chache. Wazee waliobatizwa au kufunga ndoa mle wangali wapo, na wengine wanakumbuka nani alikuwa fundi, nani alikuwa katekista. Daftari la kuandika majina hayo bei yake ni ndogo, na likizo kubwa ni miezi miwili.