Sifa ya Fundi wa Chokaa

Nyumba ya kale ya Lamu haijionyeshi mtaani. Mpita njia huona ukuta mtupu, daka (kibaraza cha mlangoni) na mlango wa nakshi, basi. Aliyekaribishwa ndani hupita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, njia ikapinda, ndipo anapotokea kiwandani, ua ulio wazi juu unaoipa nyumba nzima mwanga na hewa. Mbele ya ua vyumba vinafuatana: msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu, msana wa pili, kisha chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta umejaa zidaka, vishubaka vya plasta. Nyumba nyingi za namna hii ni za karne ya 18. Baadhi yake leo ni hoteli, na wageni huzisifu sana. Mimi namsifu anayezifanya zikalike: fundi wa chokaa.

Malighafi yake ilianzia baharini. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, kisha yakalainishwa kwa maji hadi yakawa chokaa, nayo huachwa ikomae. Ikishapakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa na taratibu hurudi kuwa jiwe.

Mtazame akiikarabati nyumba. Anagonga plasta kwa konzi, hatua kwa hatua, akisikiliza pale panapolia utupu. Panapolia, anabandua mpaka afike kwenye jiwe zima. Anauloweza ukuta, anapaka tabaka jembamba, anaacha. Kesho anarudi kupaka la pili. Haraka hapa ni hasara, maana tabaka nene likikauka upesi hupasuka.

Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Fundi huyu anatuongezea: angalia unauziba kwa kitu gani. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuacha upumue. Saruji huufunga pumzi: unyevu hukwama, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma, na baada ya muda kazi iliyoonekana imara inabambuka pamoja na uso wa jiwe lenyewe.

Anajua pia kukataa. Vyumba vya Lamu ni vyembamba na virefu kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Mwenye hoteli akitaka ukuta uvunjwe apate ukumbi mpana, fundi mwaminifu humwambia kwamba ukuta huo ndio uliobeba ghorofa. Akitaka baraza juu ya paa, atamwonyesha upande usiochungulia ua wa jirani. Nyumba hizi zilijengwa kwa sitara, na sitara ya mtaa haiuzwi pamoja na chumba.

Wapo wanaohuzunika kuona nyumba ya ukoo ikilaza wageni. Nawaelewa, lakini ugeni si jambo jipya humo. Nyumba nyingi za matajiri zilikuwa na sabule, chumba cha juu chenye ngazi yake, ambapo mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alipumzika bila kuingilia faragha ya wenyeji. Hoteli iliyotengenezwa kwa adabu inaiendeleza desturi hiyo, tena inaiingizia nyumba fedha ya kujitunza. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Heshima hiyo ni kubwa, lakini plasta ikibambuka bado anaitwa fundi.

Kwa hiyo tusizipime hoteli hizi kwa vitanda vya nakshi na mito ya hariri pekee. Tuulize nani alizipaka kuta, alilipwaje, na kijana gani alikuwa pembeni yake akijifunza. Nyumba hizi zitasimama maadamu yupo anayelipwa vya kutosha kuisubiri chokaa ikauke.