Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mwalimu wa darasa la kwanza aliyebobea huivunja chaki yake kabla ya kuandika, ibaki fupi isipige kelele ubaoni. Husimama ubavu. Mkono unaandika, macho yanatembea madawatini. Anaandika a kubwa, polepole, ili kila mtoto aone mkono umeanzia wapi na umepinda wapi. Watoto huinua vidole wakaiandika hewani, kisha hutoka nje wakaichora kwenye vumbi kwa kijiti. Penseli na daftari huja mwisho.

Nimefundisha madarasa yote ya shule ya msingi, hata lile la saba ambako sifa hugawiwa matokeo ya mtihani yanapotoka. Bado naamini ufundi wenyewe uko kule mwanzo. Sisi wengine wote humwongezea tu mtoto ambaye tayari amefunguliwa mlango.

Nilikulia Usukumani, katika kijiji cha pamba na ng'ombe, na shuleni tulifika na Kisukuma kitupu. Kiswahili tulikisikia redioni na kwa wageni. Tulipoanza kukisoma, r ilitushinda. Kila tulipoitafuta, ulimi ulileta l. Mwalimu wetu angeweza kutuchapa, kama wengi walivyofanya zama hizo. Badala yake alituambia tuendeshe malori. Malori ya kubeba pamba tuliyajua sana, na hakuna mtoto wa kiume wala wa kike ambaye hakuwahi kuigiza ngurumo ya lori likipanda mlima. Darasa zima likanguruma. Katikati ya ngurumo ile akaandika ra, re, ri, ro, ru, akatuonyesha kwamba sauti tuliyodhani hatuna tumekuwa nayo siku zote, ila tulikuwa tukiichezea njiani.

Alikuwa kijana sana, mmoja wa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Walimu wa kuwatosha watoto hao hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundwa ualimu hukohuko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu wanajisomea, kwa masomo yaliyoletwa kwa posta, kwa vipindi vya redio na kwa msaada wa walimu wasimamizi. Walidharauliwa mno, na hadi leo wako wanaolitamka jina la UPE kama tusi.

Dharau ile inanikera. Ni kweli wapo waliokabidhiwa darasa kabla hawajaiva, na watoto ndio walioumia. Lakini wapo pia waliokuwa walimu wa mwanzo bora kuliko wengi wenye vyeti vikubwa, na sababu ninaiona wazi. Miaka michache tu nyuma walikuwa wamekalia madawati yaleyale, wakikwama palepale. Walikumbuka kutojua kulivyo. Mtu aliyesoma sana mara nyingi husahau hilo, akaona kwamba 13 ni 13 tu na hakuna cha kueleza. Mwalimu wetu alitufungisha vijiti kumi kwa uzi wa pamba, akaweka fungu upande mmoja na vijiti vitatu upande wa pili, na tukavifungua na kuvifunga tena mpaka ile 1 ya mbele ikaacha kuwa moja machoni petu.

Chuoni, miaka mingi baadaye, nilifundishwa kuandika andalio la somo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri. Wenzangu waliotoka mijini waliyakariri majina hayo. Mimi niliyaona yakitembea mbele yangu, yamevaa suruali iliyofifia na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Lori lilikuwa utangulizi. Nadhani ualimu niliuanza siku ile ya ngurumo, na chuo kilinikuta njiani.

Julius Nyerere naye alitoka Butiama na Kizanaki chake, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kiswahili alikipata shuleni. Mtoto huyohuyo alikuja kufundisha Tabora na Pugu, akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na hata alipokuwa Rais watu waliendelea kumwita Mwalimu. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya siasa yake. Mimi ningependa tumtaje zaidi James Irenge, mmoja wa walimu waliomfundisha pale Mwisenge.

Kazi hiyo ya mwanzo haijawa nyepesi. Mwaka 2015 muhtasari wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukaweka uzito kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2016 michango ya lazima ikafutwa, watoto wakamiminika. Nimeona mwalimu akiingia darasa la watoto zaidi ya mia, baadhi wamekaa sakafuni. Huwagawa makundi. Kundi moja linapanga vizibo vya soda, jingine linaandika, la tatu linasogea ubaoni na kusoma mmoja mmoja mbele yake. Aliyeshika silabi leo anakaa na ambaye hajaishika. Anajua kwa jina nani anachanganya b na d, na nani anakariri ukurasa mzima bila kuusoma. Huyo humfunikia picha kwa kiganja, kisha humwonyesha neno moja la katikati.

Hata hivyo, katika shule nyingi nilizopita, ratiba ikipangwa, walimu hodari hupelekwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani, na darasa la kwanza huachiwa mgeni au aliyechoka. Mwalimu mkuu anayesoma haya, Januari ijayo anza kupanga kutoka chini. Mchague kwanza wa darasa la kwanza, mpunguzie vipindi vingine, na boksi la kwanza la chaki lipeleke kwake.