Kuli Ana Jina

Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi Adam (1979) niliisoma nikiwa sekondari, nikaifunga. Mwaka huu nimeifungua tena hapa Kasense. Kumbe nilikuwa nimeisoma vibaya!

Zamani niliona mgomo tu, ule wa makuli wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948. Safari hii nimemwona Rashidi kabla ya mgomo: mtoto wa kuli, anayeurithi ukuli. Mwandishi anatuingiza nyumbani kwake kwanza. Kwa hiyo mgomo unapofika, tunajua ni nani anayegoma. Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Kasoro ipo: mara nyingine wahusika wanaongea kana kwamba wako mkutanoni.

Lakini makuli wale walikutana bandarini kila siku. Je, yule aliyeacha kwao kabisa? Babu yangu alitoka Ufipa kwenda Tanga kukata mkonge. Watu kama yeye waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa. Kipande chake kilikuwa cha siku 30 za kazi. Asipomaliza matita aliyopangiwa, siku hiyo haihesabiwi. Alirudi na blanketi moja na kikohozi. Riwaya yake iko wapi?

Na hata leo, hapa hapa, wapo vibarua wanaopakia mahindi kwenye malori. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa inavishwa kilemba juu. Kibarua analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Ile ziada anaibeba bure. Mkulima anapunjwa shambani, na mgongo wa kibarua unapunjwa kwenye lori.

Sasa niseme ukweli wangu. Katika muswada wangu nimeandika: kuli mmoja akapita na gunia. Basi, yameishia hapo! Hana jina, hana kwao, kapita tu ili mjini paonekane pana watu. Mjukuu wa manamba ndiye niliyeandika hivyo.

Juzi nikamfuata jirani anayepakia magunia, nikamwomba anisimulie maisha yake. Akacheka: “Unataka kuniandika, mdogo wangu? Anza na bei ya gunia.”

Nimeanza upya, na bei nimeiweka ukurasa wa kwanza. Vijana wenzangu tunaoandika, tuisome tena Kuli, halafu tuangalie katika miswada yetu nani amebeba mzigo bila jina.